Mauwa na Habari za Lukuledi

Mwaka ule aliotawazwa malkia wa Waingereza, masika yalipokaribia, Mauwa alikwenda nyuma ya nyumba kupanda kunde akakanyaga kipande cha debe. Wapangaji waliomtangulia walikuwa na tabia ya kufukia takataka popote, na ncha ya debe hilo, iliyokwisha kushika kutu, ilimwingia chini ya unyayo, pale palipobonyea. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye udongo, akalivuta, akalitazama, akalitupa upande wa migomba. Kisha akaendelea kupanda, maana mbegu alikwisha kuziloweka na wingu lilikuwa limetanda.

Nyumba ile ilikuwa Temeke, karibu na njia iendayo Mbagala, na mwenyewe alikuwa Bi Mwanaheri, mama wa Kizaramo, mjane, mwenye sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu. Mauwa na mumewe Sadallah walipanga chumba cha uani. Walikuwa Wamakua, lakini si Wamakua wa Masasi. Walitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa Wareno, ambako kila mwenye jembe alilazimishwa kulima pamba ya kampuni hata kama hakubakiwa na ardhi ya kulimia muhogo wake. Walivuka mto, wakapita Lukuledi, wakapumzika huko kwa watu wawili watatu waliowahurumia, wakashuka Lindi, wakapanda meli. Sadallah akapata kazi ya ukuli bandarini. Mauwa akabaki Temeke na lugha yake.

Kiswahili alikifahamu, ila kilimtoka kwa shida. Herufi nyingine mdomo wake ulizikataa kabisa. Dawa kwake ilikuwa "tawa", na debe lilikuwa "tepe". Akienda kisimani, wanawake walimcheka, si kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko, na yeye akajifunza kununua vitu vyake kwa kunyoosha kidole. Siku nyingi mtu pekee aliyezungumza naye kwa kirefu alikuwa Sadallah, naye alirudi jioni amechoka hata kutafuna.

Kidonda alikifunga kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Siku za kwanza kilimuuma kidogo tu. Kisha mguu ukaanza kuvimba, na Bi Mwanaheri akamwona anakanyagia kisigino.

"Wee Mauwa, mguu umefanya nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu, na unatembea kama kuku aliyefungwa kamba! Hebu lete."

Akafungua kitambaa, akakunja pua. Akachemsha maji ya chumvi, akamkanda, akamwagia mafuta ya taa kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Mauwa alijiuma mdomo. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba zaidi, ngozi inang'aa, na mishipa ya paja imesimama.

"Basi," alisema Bi Mwanaheri. "Mie mwisho wangu hapa. Twende dispensari."

Mauwa akakataa. Alikataa kwa kichwa, kwa mkono, na kwa Kiswahili chote alichokuwa nacho. Bi Mwanaheri alidhani anaogopa sindano, akamweleza kwamba ni kama kuumwa na siafu. Akadhani anaogopa gharama, akamweleza kwamba pale hawatozi. Lakini Mauwa hakuogopa lolote katika hayo. Alikuwa anamwaza kaka yake Momade.

Momade alikuwa na jino bovu. Lilipomzidi akaenda boma la Mreno, ambako walisema kuna dawa. Askari akamwambia akae kwenye foleni chini ya kibanda. Akakaa. Kumbe foleni ile ilikuwa ya watu waliokamatwa kwenda kupasua barabara, na jina lake likaandikwa pamoja na yao. Aliporudi kijijini mashamba yalikuwa yamelimwa na kuvunwa bila yeye, na jino lilikuwa limekwisha kung'oka lenyewe. Alikuwa amekonda, na hakupenda tena kukaa mahali penye watu wengi. Tangu hapo, kwa Mauwa, nyumba ya serikali yenye watu waliokaa kungoja ilikuwa mtego. Na Sadallah, walipokuwa kwenye meli ya Lindi, alimwonya: "Huko tuendako, ukiulizwa na mtu yeyote wa serikali, sema umetoka Masasi. Masasi tu. Usiongeze."

Lakini ilipofika asubuhi ambayo mguu haukuweza kushuka chini kabisa, Bi Mwanaheri hakuomba tena ruhusa. Alimshika Mauwa kwapa, akaweka mkono wake mnene kiunoni mwake, wakaenda hivyo, wakisimama kila penye kivuli.

Dispensari ilikuwa nyumba ndefu iliyopakwa chokaa, na baraza iliyojaa watu: watoto wenye homa, mzee anayekohoa, mwanamke aliyeshika sikio. Wote wamekaa kwenye mabenchi, wanangoja. Mauwa alipoyaona mabenchi yale, akageuka kurudi njiani. Bi Mwanaheri akamkalisha kwa nguvu na kukaa kando yake, na pale alipokaa Bi Mwanaheri hapakuwa na nafasi ya mtu kuinuka.

Aliyefunga vidonda alikuwa mtu wa makamo, mweusi tititi, amevaa kaptula nyeupe na soksi zilizovutwa hadi magotini. Jina lake Leodegar, lakini watu wote walimwita Bwana Dresa.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Mwanaheri.

"Marahaba, baba. Huyu mwanangu kaumia. Nimemwambia siku zote aje, shingo ngumu."

"Jina lako, mama?" dresa alimuuliza Mauwa.

"Mauwa pinti Amate."

"Umechomwa na nini?"

"Tepe," Mauwa alisema, macho yake sakafuni.

Kalamu ilisimama. Leodegar akainua uso, akamtazama vizuri, na sura yake nzito ikafunguka. Akamsalimia kwa Kimakua.

Mauwa alisikia salamu ile mwilini kabla ya kuisikia masikioni. Ilikuwa siku nyingi mno tangu mtu asiyekuwa mumewe amsalimie hivyo. Akajibu kabla hajajizuia. Na hapo hapo hofu ikamrudia, maana swali lililofuata lilikuwa lile lile aliloonywa.

"Unatoka wapi?"

"Masasi."

"Masasi kubwa. Masasi ipi?"

Hakuwa na Masasi nyingine kichwani ila moja, ile aliyopita. "Lukuledi," alisema.

"Lukuledi!" Leodegar alicheka kwa sauti hata mzee akaacha kukohoa. "Mimi nimezaliwa Lukuledi!"

Akamwingiza ndani, akauweka mguu kwenye beseni la maji ya zambarau yenye uvuguvugu. Mauwa hakuacha kuutazama mlango, na Leodegar akadhani anaogopa kisu. Kwa hiyo akafanya alivyozoea kufanya kwa wagonjwa wote waoga, akaanza kuzungumza ili kumsahaulisha. Ila safari hii mazungumzo hayakuwa ya mvua wala ya bei ya mchele. Aliuliza kama kengele ya kanisa bado inasikika hadi mtoni. Mauwa alikuwa ameisikia siku ile waliyopita, akasema inasikika. Aliuliza kama maji ya mto yamepungua. Akasema yamepungua kidogo.

"Na mama yangu mkubwa, Demetria? Anakaa pale mtoni, upande wa chini. Ndiye aliyenilea. Bado anafinyanga?"

Wakati huo ncha ya kibano ilikuwa ndani ya kidonda. "Bado," Mauwa alisema, meno yamekazana.

"Vile vyungu vyake vya shingo nyembamba?"

"Vile vile."

"Haya, angalia." Leodegar akamwonyesha kwenye pamba kipande cha kutu kisichozidi ukucha wa mtoto mchanga. "Huyu ndiye aliyekuwa anakusumbua."

Akamkamua usaha, na hapo Mauwa alimshika Bi Mwanaheri mkono hata bangili zikamwachia alama. Akamtia dawa, akamfunga bandeji nyeupe safi, akamchoma sindano, akampa vidonge vya kwenda navyo, akamwambia arudi baada ya siku chache kubadilisha. Hakuna aliyemkamata. Walitoka kwa mlango ule ule walioingilia, na Mauwa akageuka mara mbili kuhakikisha.

Akarudi kweli, na akarudi tena. Uvimbe ulishuka. Lakini kila alipokwenda, Leodegar alikuwa na swali jipya la Lukuledi, tena alimwekea la mwisho akiwa anafunga fundo, kama mtu anayebakiza kipande cha nyama. Mauwa alianza kuandaa majibu njiani. Vitu vichache alivyoviona katika siku zile za mapumziko alivigawa vidogo vidogo, leo kidogo, kesho kidogo: shimo kwenye daraja, mbuzi waliokuwa wakipanda ngazi za kanisa, mwanamke mmoja aliyewapa uji na hakutaka shukrani. Vilipokwisha, akatunga. Demetria alikuwa na afya. Demetria alikuwa ameezeka upya. Demetria alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe.

Na, kusema kweli, aliona raha. Ndani ya chumba kile chenye harufu ya dawa, kwa muda wa kufungiwa bandeji, maneno yalimtoka kama maji, na hakuna aliyecheka. Leodegar alimwambia mara moja, "Kimakua chako kizito, kama cha wazee wetu." Mauwa akasema upesi kwamba mama yake alitoka huko chini zaidi, karibu na Ruvuma. Huo ulikuwa ukweli nusu, na ulimtoka vyema.

Bi Mwanaheri, ambaye hakuelewa hata neno, alikaa barazani akifurahi. "Kapata ndugu yake," aliwaambia watu. "Sasa nyie mnaomcheka kisimani mtakoma."

Habari ikamfikia Sadallah. Aliweka sahani chini.

"Ndugu gani?"

Mauwa akamweleza. Sadallah alisikiliza mpaka mwisho, akishika kichwa.

"Mauwa, mie nilikwambia useme Masasi. Sikukwambia uzae ukoo huko! Sasa huyo mtu wa serikali akiandika kwao, wakamjibu kwamba hakuna Mauwa Lukuledi, atauliza umetoka wapi. Tutamwambiaje?"

"Mguu haujapona."

"Unaendelea vizuri. Usiende tena."

Hakwenda. Siku ya kubadilisha ikapita. Bandeji nyeupe ikawa ya rangi ya udongo wa uani, Mauwa akaifua juu juu mguuni bila kuifungua. Bi Mwanaheri alipomuuliza, alisema dresa amemwambia inatosha. Huo nao ulikuwa uongo, na huu aliuonea haya zaidi, kwa kuwa bangili zile zilizoacha alama zilikuwa bado mkononi mwa mama yule.

Jumapili moja Sadallah alikuwa anatengeneza ua kwa makuti, mundu mkononi, alipoona baiskeli inakuja, na juu yake mtu wa soksi nyeupe. Hakukimbia, lakini hakusogea pia. Alisimama kama mmoja wa miti ya ua.

"Hodi wenyewe!" Leodegar aliita. Alikuwa ametoka kanisani, amevaa koti, na kwenye keria ya baiskeli palifungwa furushi la karatasi. Bi Mwanaheri akamkaribisha kwa shangwe, akamletea kiti, akaenda kutafuta kahawa. Mauwa alitoka chumbani akijaribu kukanyaga sawasawa, na macho ya dresa yakaenda moja kwa moja kwenye bandeji.

"Hukuja."

"Nilikuwa na kazi."

"Mguu nao una kazi yake." Lakini hakuendelea kukaripia. Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na doti ya kanga, mpya, bado ina harufu ya dukani. "Nimefikiri," alisema kwa Kimakua, na aliposema hivyo akaonekana mdogo kuliko umri wake. "Watu wenu wa Lukuledi lazima huja na kwenda. Mpelekee mama Demetria kupitia kwao. Mimi nilikuwa siulizi habari zake. Nilikuwa naogopa kuambiwa amekufa. Wewe uliponiambia yu mzima, anatembea, nikasema, basi sasa naweza."

Mauwa alizipokea kanga. Alizishika mikononi, na uzito wake ulikuwa mdogo sana. Alimtazama mumewe pale kwenye ua. Sadallah alitikisa kichwa polepole: usiseme.

"Simjui," Mauwa alisema.

"Humjui nani?"

"Mama Demetria. Sijapata kumwona. Lukuledi nilipita tu, tukienda Lindi. Mimi wa ng'ambo, kwa Wareno."

Kuku walikuwa wanaparura chini ya kiti cha Leodegar. Aliwafukuza kwa mguu.

"Lakini uliniambia bado anafinyanga."

"Wewe ndiye uliyesema anafinyanga. Mimi nilisema bado."

"Na kuezeka?"

"Nilitunga."

"Kwenda kanisani?"

"Hilo nalo." Machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha. "Niliogopa. Uliniuliza natoka wapi." Na kwa kuwa alikwisha kuanza, akasimulia yote, ya Momade na jino lake, kibanda na foleni. Alisimulia kwa haraka, kwa lugha ambayo hata Bi Mwanaheri aliyesimama mlangoni na birika hakuielewa, lakini alielewa machozi, akaweka birika chini.

Leodegar alivua kofia, akaigeuza geuza mapajani. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Alisema alikuwa ameshamwambia mkewe. Alisema usiku alikuwa analala akiuona ule mto. Kisha sauti yake ikawa nyingine.

"Dada, pale sie huandika jina na ugonjwa. Basi. Serikali haikukuuliza unatoka wapi. Niliyekuuliza ni mimi. Nilisikia unavyosema 'tepe', kama mama zangu wanavyosema, nikataka tu kusikia."

Mauwa akafuta uso kwa mkono.

"Leta mguu," Leodegar alisema.

Aliomba maji ya moto na chumvi. Alifungua bandeji ile chafu akiwa ameinama, hakutania, hakuuliza lolote, na mikono yake haikuwa mipole kama siku zote, ingawa haikuwa ya kuumiza. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, isipokuwa pembeni palipolowana. Akakisafisha, akakifunga kwa leso yake mwenyewe ya kanisani. "Kesho uje nikupe bandeji safi," alisema. "Ukiacha hivi kitarudi ndani." Akazikunja kanga, akazirudisha kwenye karatasi, akaenda kuifunga kwenye keria. Kahawa hakunywa.

Ndipo Sadallah alipoliacha ua. Alimfuata mpaka barabarani, mundu bado mkononi, akakumbuka, akauweka chini.

"Bwana," alisema, "mke wangu amekosa, nami ndiye niliyemfundisha. Lakini tunao watu. Bandarini tuko wengi wa ng'ambo. Kila kiangazi wanapanda meli ya Lindi kwenda kuona wazee, na njia yao ni hiyo hiyo, Lukuledi. Kuna mmoja namwamini kama nafsi yangu. Akipita, ataulizia. Akimkuta atampa. Asipomkuta, atakurudishia kanga zako na ukweli wake."

Leodegar alimtazama mtu huyu ambaye muda wote hakuwa amesema neno. Alimtazama sana. Kisha akafungua tena ile kamba ya keria.

Mauwa alikwenda kesho yake kubadilisha bandeji, na mara nyingine, mpaka siku Leodegar alipomwambia inatosha. Siku zile walizungumza kidogo. Mara ya mwisho ndipo dresa alipomuuliza, bila kumtazama, kijiji chake hasa kinaitwaje na kina mto gani, naye akamwambia. Akauliza na Momade yuko wapi sasa. Mauwa akasema hajui. Leodegar alikata uzi wa bandeji, akasema pole.

Kiangazi kikaja, yule mtu akaondoka, na vuli ilipoanza akarudi. Alifika Temeke na vumbi la safari, akakaa uani akasema yote aliyoyaona, na Sadallah akamfanya ayarudie. Asubuhi yake Mauwa alivaa vizuri, akaenda dispensari peke yake. Alikaa kwenye benchi na wengine mpaka zamu yake ilipofika.

"Mguu tena?" Leodegar aliuliza.

"Mguu mzima. Nimeleta habari."

Alimweleza. Demetria yu hai. Hafinyangi tena, vidole vimekakamaa, kazi hiyo sasa anaifanya binti wa jirani na bibi mwenyewe hukaa karibu kumkosoa. Kuona anaona kwa shida, jicho moja tu. Kanga alizipokea, akazipima, akasema ni ndefu mno, yeye siku hizi amekuwa mfupi. Aliuliza kama Leodegar bado anaota ndoto na kupiga mateke. Alisema aje, tena asikawie.

Leodegar alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kujua. Watu wa barazani walianza kunung'unika, na mama mmoja akachungulia mlangoni, akamkuta Bwana Dresa amefunika uso kwa taulo la hospitali, akarudi mahali pake kimya.

"Nieleze tena," alisema hatimaye. "Hapo pa kumkosoa binti."

Mauwa akamweleza tena.

Karibu na Krismasi Leodegar alipewa likizo, akapanda meli ya Lindi. Alikaa huko mwezi mzima, akamkuta Demetria na hasira zake zote, na mwaka uliofuata ndipo bibi alipofariki. Mauwa aliendelea kukaa Temeke, kwenye chumba kile cha uani, kisha kwenye nyumba yao wenyewe waliyoijenga mbali kidogo, upande wa Mbagala. Kiswahili chake hakikunyooka kamwe. Alizaa watoto wawili, na mmoja wao alipopata homa ya kwanza, hakungoja kuambiwa na mtu. Alimfunga mgongoni kabla jua halijapanda, akampitia Bi Mwanaheri ili wawe wawili njiani, wakaenda kuwahi nafasi ya mbele kwenye benchi.